Abiria wa Tatu

 

Mtu anayesafiri kwa reli ya zamani kutoka Kilosa kwenda bara hupita Munisagara. Hapo milima inalibana bonde la Mto Mkondoa, na mto, reli na watu wanagombea nafasi moja. Wajerumani walianza kujenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Tangu siku hizo watoto wa Munisagara wana mchezo mmoja wasiouchoka: treni ikipita, wanaipungia mkono. Ndege ikipita juu, ikielekea Dodoma au Mwanza, wanaipungia vilevile, ingawa aliye humo hawaoni. Leo nataka tuzungumze habari ya ndege hizo, na habari ya huyo anayebaki chini akipunga mkono.

Nitaanza na kisa cha nyumbani. Mjomba wangu alikuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli hapo Munisagara. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, aliolewa na mfanyakazi mwenzake wa reli, akahamia Mwanza. Mwezi Januari 2014 tukapata simu kwamba mama mkubwa ametutoka. Ndugu wa Mwanza wakasema watasubiri siku tatu, basi.

Wasikilizaji wenye kumbukumbu wanaijua Januari ile. Mvua zilinyesha, mafuriko yakaikumba Kilosa, watu wa Magole wakakosa makazi, na daraja la Dumila kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma likakatika. Reli nayo, kama kawaida yake kila Mkondoa unapokasirika, ikawa haipitiki. Maana yake ni kwamba mtu wa Munisagara hakuwa na njia ya kufika Mwanza kwa treni wala kwa basi katika siku hizo tatu.

Sasa mjue jambo moja. Sisi watu wa Usagara ukoo tunauhesabu upande wa mama. Msibani mwenye neno ni mjomba, ndugu wa kiume wa marehemu. Akikosekana yeye, mazishi yatafanyika, ndiyo, lakini yatafanyika kama mkutano usio na mwenyekiti.

Mimi na ndugu yangu tukachangishana. Fedha zikatosha tiketi moja tu ya ndege, tukakubaliana aende mzee. Akazunguka kwa basi kupitia Mikumi mpaka Dar es Salaam, akiwa na mkoba mmoja wa mkononi, maana tulimwonya kwamba nauli ile nafuu haina mzigo. Akasema, "Kumbe wanauza ugali, mboga unanunua mbali." Asubuhi akapanda, na kabla ya saa sita mchana alikuwa Mwanza. Alimzika dada yake. Kile kipande cha karatasi cha kupandia ndege alikiweka ndani ya Biblia, na kipo mpaka leo.

Ndege ile ilikuwa ya Fastjet. Wengi wenu mnalikumbuka jina hilo na picha yake ya kasuku mkiani. Ilianza safari zake tarehe 29 Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa ndege aina ya Airbus A319 zenye viti 156. Nyuma yake walikuwapo wawekezaji wa London, akiwamo Stelios Haji-Ioannou, yule aliyeanzisha easyJet huko Ulaya. Nauli ya tangazo ilianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada. Niseme kweli: mzee hakuipata nauli hiyo, kwa kuwa tiketi yake ilinunuliwa siku moja kabla ya safari. Hata hivyo nauli aliyoipata ilikuwa ndani ya uwezo wa wapwa wawili wenye mishahara ya kawaida. Kabla ya hapo isingekuwa hivyo.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Hapa lazima tuelewe namna biashara ya ndege inavyokwenda.

Kiti cha ndege ni kama mchicha wa sokoni. Usiouzwa leo, kesho si mali. Ndege ikishapaa na kiti kitupu, fedha ya kiti hicho imepotea moja kwa moja. Mafuta yamekwisha kuchomwa, rubani amekwisha kulipwa, kodi ya ndege inadaiwa vilevile. Kwa hiyo mwenye ndege ana njia mbili. Anaweza kuwa na viti vichache na kuviuza ghali kwa watu wasioweza kukosa safari. Au anaweza kuwa na viti vingi, akaviuza rahisi kwa watu ambao wangebaki nyumbani au wangepanda basi.

Watu wasioweza kukosa safari ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mtu wa biashara na mtu wa ofisi. Huyu hanunui kiti, ananunua saa. Ana kikao saa nne, nauli analipiwa na kampuni au na Serikali, na haulizi bei. Wa pili ni mtalii. Huyu amekwisha kuvuka bahari, ana wiki moja ya likizo, na kwake nauli ya kipande cha mwisho ni tone katika ndoo. Pale Mikumi tunamwona: anatoka Unguja asubuhi kwa ndege ndogo, anatua kwenye kiwanja kilichomo ndani ya hifadhi, anatazama simba na twiga, na wengine jioni hiyo hiyo wanarudi pwani kuogelea. Hatumlaumu. Fedha yake ina kazi, na hifadhi ile iliyoanzishwa mwaka 1964 inamhitaji.

Abiria wa tatu ndiye mjomba wangu. Ni mama anayefuata vitenge, mwanafunzi anayerudi chuoni, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa, mtu aliyefiwa. Huyu nauli analipa kwa fedha yake mwenyewe, na kila shilingi elfu kumi inayoongezeka inamshusha kwenye ndege na kumrudisha kwenye basi. Fastjet ilipofanya hesabu ya wateja wake, ilisema zaidi ya theluthi moja walikuwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Iliwaruhusu kulipa kwa simu, kwa sababu ilijua hawana kadi za benki. Tusidanganyane, haikuwa sadaka. Ilikuwa biashara iliyogundua kwamba abiria wa tatu yupo, na ni wengi.

Sasa tazameni mwisho wa hadithi. Kampuni ile iliitazama ramani, ikaona kwamba safari za ndani hazitoshi, ikageukia kusini mwa Afrika. Oktoba 2013 ikaanza kwenda Johannesburg. Mwaka 2014 ikaongeza Lusaka na Harare, mwaka 2015 Lilongwe, na mwaka huo huo ikafungua safari za ndani ya Zimbabwe, kutoka Harare kwenda Victoria Falls. Mawazo hayo hayakuwa mabaya. Anayekaa Mikumi kando ya barabara kuu ya Zambia anajua ni mabasi mangapi yanapita pale yakielekea Tunduma, Lusaka, Lubumbashi na hata mbali zaidi. Ndani ya mabasi hayo abiria wa tatu amekunja magoti zaidi ya siku nzima, wakati kwa ndege Lusaka ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi.

Lakini hesabu zikakataa. Ndege zilikodishwa kwa dola, mafuta yalinunuliwa kwa bei ya dola, na tiketi ziliuzwa kwa shilingi. Mwaka 2015 shilingi yetu iliyumba sana. Kila mpaka ulikuwa na kibali chake, kila nchi ilikuwa na shirika lake la kulilinda, na kila kiwanja kilikuwa na ada yake. Ndege ya viti 156 inataka kuruka mara nyingi kwa siku na kujaa kila mara. Ikikosa kimojawapo, inakula mtaji. Mwaka 2016 kampuni ilibadilisha uongozi, ikahamisha makao yake kutoka Uingereza kwenda Johannesburg, ikaziacha Airbus na kuchukua ndege ndogo. Desemba 2018 safari zake Tanzania zikasimama. Ilikuwa na madeni, na mamlaka ya usafiri wa anga ikawa imekwisha kuitaka ijieleze.

Jina, hata hivyo, halikufa. Fastjet ya Zimbabwe iliendelea kuruka. Ikatumia ndege za viti 50, ikaziunganisha Harare na Bulawayo na Johannesburg, na ikawachukua wageni wa Victoria Falls. Abiria wake wakuu ni wale wawili niliowataja: mtu wa biashara na mtalii. Huko imepata riziki. Yaani shirika lile lile lililozaliwa Dar es Salaam kwa ajili ya watu wengi wenye fedha kidogo, limeishi kusini kwa kuwahudumia watu wachache wenye fedha za kutosha. Abiria wa tatu alishushwa njiani.

Nasema haya si kwa kuilaumu kampuni. Mfanyabiashara akikimbia hasara si dhambi. Ninachotaka tujiulize ni hiki: kama mfanyabiashara hawezi kumbeba abiria wa tatu, je, sisi wenyewe tunambeba?

Maana na sisi tuna shirika letu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, lile Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1946 likavunjika pamoja nayo, na mwaka huo huo tukaunda la kwetu. Mwaka 2002 tukawauzia Afrika Kusini asilimia 49 ya hisa kwa dola milioni 20, na mwaka 2006 ndoa hiyo ikavunjika, tukalirudisha nyumbani. Likadhoofu kiasi kwamba Desemba 2008 lilizuiwa kuruka. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ikaanza kununua ndege mpya, kwanza zile za pangaboi, kisha Airbus na Dreamliner. Februari 2019, miezi miwili baada ya Fastjet kunyamaza, ndege zetu zikaanza kwenda Lusaka na Harare.

Ni jambo la fahari, na mimi sioni aibu kusema kwamba nikiuona ule twiga mkiani moyo unanicheza. Lakini fahari ina ankara yake. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2023/24 shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8, kutoka hasara ya bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu tukawa milioni 61.7. Gawanyeni. Ni kama shilingi 1,500 kwa kila Mtanzania, mtoto wa mgongoni akiwamo. Mwenye shirika ni Serikali, na fedha ya Serikali ni yetu. Kwa hiyo yule mtoto wa Munisagara anayeipungia ndege mkono amechangia nauli ya mtu aliyemo ndani. Mwenye kikao cha saa nne amesaidiwa na mkulima wa mahindi.

Najua kuna msikilizaji atakayesema: "Ndugu yangu, ndege si ya maskini. Mtu wa Munisagara mpe barabara na treni, anga waachie wenye nazo." Hoja hiyo ina uzito, na nitaijibu kwa heshima.

Kwanza, ni kweli kwamba treni ndiyo kitanda cha mnyonge. Tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma kwa reli mpya, ikipita Kilosa na kupenya milima yetu kwa mahandaki. Nauli ya kawaida iliyotangazwa kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Isikilizeni namba hiyo vizuri. Inakaribiana sana na ile 32,000 ya ndege ya mwaka 2012, ingawa thamani ya shilingi si ile tena. Na nini kimetokea? Watu wamejaa. Mama mwenye vitenge yumo, mwanafunzi yumo, aliyefiwa yumo. Abiria wa tatu alikuwapo siku zote akingoja bei yake tu. Hakuna aliyemhubiria asafiri.

Lakini pili, reli hiyo mpya haijafika Mwanza kwa abiria, wala haiendi Lusaka wala Songea wala Mtwara. Na msiba hausubiri reli ikamilike. Nchi yetu ni kubwa mno kwa mtu kuambiwa kwamba haraka ni haki ya tajiri peke yake. Mwaka 2019 tulipata msiba mwingine Mwanza, wa mume wa mama mkubwa. Fastjet haikuwapo tena. Tukaulizia tiketi za siku ile, tukarudisha simu mfukoni bila kusema kitu. Mzee alipanda basi. Alipofika, udongo ulikuwa umekwisha kufukiwa, na watu wanakunja maturubai. Alikaa chini ya mwembe, akauliza kitu kimoja tu: "Ile ndege yenu ya siku ile imekwenda wapi?" Nilimwambia imekwenda kusini. Hakuuliza tena.

Basi tufanye nini? Mimi si mtaalamu wa anga, lakini mtu haitaji kuwa mpishi ili ajue chumvi imezidi. Nina maneno matatu.

La kwanza ni ada na kodi. Ada ya kiwanja na ada ya usalama hazitazami bei ya tiketi. Anayelipa nauli kubwa na anayelipa nauli ndogo wanatozwa sawa. Kwa mwenye kikao ni kitu cha kusahau. Kwa abiria wa tatu ndiyo inayomshusha. Tunaweza kupunguza ada hizo kwa safari za ndani za viti vya bei ya chini, na tukafidiwa na viti vinavyojaa. Kiti kitupu hakilipi ada hata senti moja.

La pili ni hesabu ya wazi. Kama shirika la umma linapata hasara kwa niaba yetu, litueleze limepata hasara hiyo kwa kumbeba nani. Kila mwaka litangaze ni viti vingapi liliuza kwa bei ya chini, katika safari zipi, na ni wangapi walipanda kwa mara ya kwanza. Hasara iliyowabeba wafiwa na wagonjwa ninaweza kuivumilia, kama tunavyoivumilia hasara ya zahanati. Hasara iliyotokana na safari za fahari zenye viti vitupu siwezi.

La tatu ni kuunganisha. Ndege, treni na basi tunaviendesha kama wake wenza wasiosalimiana. Mtu wa Munisagara akitaka kwenda Mwanza au Lusaka, ahangaike mwenyewe kufika Kilosa, ahangaike kutoka stesheni ya treni mpaka kiwanja cha ndege, na treni ikichelewa tiketi yake ya ndege imekufa. Kwa nini asinunue safari moja, kwa simu yake, treni ikamkabidhi kwa ndege? Hata mtalii angefaidika. Angeshuka Kilosa kwa treni, akafika Mikumi kwa gari, akala na kulala kwetu, badala ya kutua asubuhi na kuondoka jioni bila hata kununua ndizi.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa biashara na aje. Mtalii na aje. Viti vyao vya mbele tusiviguse. Lakini ndege ina viti vya nyuma pia, na hivyo ndivyo vinavyoruka vitupu huku watu wanakesha kwenye mabasi. Chombo cha usafiri hupimwa kwa wanaokipanda, hakipimwi kwa wanaokipungia mkono.

Mjomba sasa ni mtu mzima sana. Miguu haimpeleki mbali, na nadhani hatapanda ndege tena. Lakini watoto wa Munisagara bado wapo kando ya njia, na ndege bado zinapita. Siku moja mmoja wao atapigiwa simu usiku, aambiwe ana siku tatu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.